Kabla hujakaza kifuniko cha kalamu ya wino

Ukishasafisha kifuniko cha kalamu ya wino, hasa hizi za zamani ambazo klipu hushikwa na kofia ndogo ya juu, kiache kikauke kabisa kwanza. Maji hujificha kati ya ganda la nje na kifuniko cha ndani (kile kidogo kinachofunika ncha ya kalamu), na klipu ya chuma huanza kutu hapo hapo.

Rudisha kifuniko cha ndani, kisha pete ya klipu, kofia mwisho. Kofia usianze kuikaza moja kwa moja. Izungushe kinyumenyume polepole mpaka usikie imedondoka kidogo, "tik". Hapo hesi, yaani mistari ya kukazia, zimekutana, sasa kaza. Ukilazimisha hesi za plastiki ya zamani, zikiharibika hazirudi. Kama mkono unateleza, shikia kipande cha tyubu ya baiskeli. Koleo weka mbali.

Sasa kagua mdomo wa kifuniko. Pitisha ukucha kuzunguka ukingo wote, halafu mulika tochi kwa ndani ukiwa gizani: ufa mwembamba utauona unang'aa.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni wino wenyewe. Jaza kalamu, ifunge, ilaze usiku kucha. Asubuhi nibu, yaani ncha ya kuandikia, iandike ikigusa tu karatasi. Ikikataa, mara nyingi kifuniko cha ndani hakijafika mahali pake: ukingo wake haukandamizi shingo ya kalamu, hewa inapita, wino unakauka. Fungua upya, kisukume taratibu kwa kijiti cha mbao butu, ukaze tena.