Kutibu ukingo wa mto unaoliwa: kazi huanzia juu ya korongo

Ukipanda mti kwenye ukingo ambao maji bado yanaula kwa chini, masika itaondoka na mti pamoja na ukingo. Ndiyo maana kwenye mwongozo huu miche inakuja karibu na mwisho. Umeandikwa kwa mitaa iliyo juu ya vijito vinavyoingia Mto Msimbazi, kama vile Sinza, Ubungo na Luhanga, lakini udongo wa kichanga wa Dar hubomoka kwa namna moja karibu kila mahali.

Kabla ya jembe

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Pelekeni mchoro wa kazi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Kuchonga ukingo bila wao kujua kunaweza kusimamishwa katikati, na ukingo uliochongwa nusu ni hatari kuliko ambao haujaguswa.

Vaeni gambuti na glavu ngumu, kwa kuwa maji ya vijito hivi hubeba majitaka na vipande vya chupa. Mwenye kidonda asiingie majini.

Ratiba ni hii: Julai hadi Septemba kupima na kujenga, mvua za vuli zikishika, kupanda. Mimea iliyoingia ardhini Novemba inaikuta masika ya Machi ikiwa na mizizi ya miezi minne. Iliyopandwa Aprili katikati ya mvua kubwa huzolewa.

Hatua ya 1: Tafuta maji yanatoka wapi

Simama mtaani mvua inaponyesha, uangalie. Mara nyingi ukingo hauliwi na mto peke yake. Unakatwa na korongo linalopokea maji ya mabati na barabara. Hesabu ni rahisi: paa la mita za mraba 60, mvua ya milimita 50, ni lita 3,000. Nyumba 20 zikimwaga kwenye mfereji mmoja, lita 60,000 zinashuka kwenye korongo hilo.

Kila nyumba inayokubali ichimbe shimo la kunyonya maji la mita 1 kwa 1 kwa 1, lijazwe mawe au vifusi. Nafasi kati ya mawe hushika lita 400 hivi kwa mara moja, na mchanga unaendelea kunywa. Liwe mita 3 au zaidi kutoka kwenye msingi, na mbali na shimo la choo. Likijaa taka linaziba, kwa hiyo weka wavu mdomoni.

Hatua ya 2: Pima mteremko wa korongo

Tumia mpira wa maji kama wa mafundi ujenzi: mpira unaoonyesha ndani, wa nusu inchi, mita 12, uliojaa maji yasiyo na mapovu. Vijiti viwili vyenye alama za sentimita vikae umbali wa mita 10. Tofauti ya usawa wa maji kwenye vijiti ikiwa sentimita 60, mteremko ni asilimia 6.

Umbali kati ya vizuizi (kuta fupi za viroba zinazokatiza korongo, Hatua ya 3) ni kimo cha kizuizi gawanya kwa mteremko. Kizuizi cha sentimita 60 kwenye asilimia 6: mita 10. Kwenye asilimia 10: mita 6. Maana yake, mdomo wa kizuizi cha chini uwe usawa na mguu wa kile cha juu. Wanaopanga kwa macho huviweka mbali mno, na maji yakiruka hupata nafasi ya kushika kasi upya.

Hatua ya 3: Jenga vizuizi vya viroba

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, basi twende taratibu. Kwa korongo la upana wa mita 2 andaa viroba 70 hivi vya kilo 50.

Chimba mtaro wa sentimita 15 kukatiza korongo, uingie nusu mita ndani ya kila ukuta. Mabega haya yasirukwe. Kizuizi kisicho na mabega huzungukwa: unakikuta kimesimama kizima, na korongo jipya limepita ubavuni mwake.

Jaza kiroba mchanga robo tatu tu, ukishone. Kilichojaa pomoni hukaa kama tikiti na kuacha matundu. Cha robo tatu kinalala, kinatoa kimo cha sentimita 15 na kushikana na mwenzake. Vipange urefu ukifuata mkondo, kwa kupishana kama matofali. Safu ya chini inajaa mtaro. Safu tatu za kwanza ziwe na mistari miwili, mbili za juu mstari mmoja. Safu ya sita iwe pembeni tu, katikati uache pengo la sentimita 60 hadi 80. Hapo ndipo maji yapite. Pengo lisipokuwepo, maji hutafuta ukuta.

Chini ya pengo tandaza mawe au vifusi vya zege kwa urefu wa mita 1.2, vilivyozama kidogo ardhini. Bila zulia hilo, maji yanayoanguka yanachimba shimo na kizuizi kinapiga magoti.

Viroba huchakazwa na jua ndani ya miezi. Kwa safu mbili za juu na zile za pembeni mwa pengo, changanya ndoo 10 za mchanga na ndoo 1 ya saruji, vikavu, kisha umwagie maji baada ya kupanga. Mfuko utaisha, umbo litabaki.

Jambo moja lisivunjwe: vizuizi ni vya korongo, kamwe si vya mto wenyewe. Kambale hupanda na maji ya mvua kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofurika. Ukuta wa sentimita 60 unatosha kumkatia njia perege na samaki wote wadogo.

Hatua ya 4: Laza ukingo

Ukuta wima wa mchanga haupandiki. Chonga hadi kila mita 1 ya kimo irudi nyuma mita 2. Udongo uliochongwa peleka juu, usiusukume mtoni. Kama nyumba iko kwenye mdomo wa ukingo na nafasi hiyo haipo, njia hii haifai. Panahitajika gabioni (makasha ya waya yaliyojazwa mawe) na mhandisi wa kuzikokotoa.

Hatua ya 5: Panda

Vetiva, nyasi yenye mizizi inayozama sana, ndiyo msumari wa ukingo. Gawa shina, kata majani yabaki sentimita 20 na mizizi sentimita 8. Vikonyo 3 kwa shimo, sentimita 15 kati ya mashimo: mita 10 zinakula vikonyo 200. Mistari ikatize mteremko, kila mita 1 ya kimo, na isiwe na pengo hata la hatua moja. Maji yote yatakusanyika hapo. Mvua ikikatika, mwagilia mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu. Majani yakifika mita 1.5, kata kwa sentimita 40 ili ichanue pembeni.

Karibu na maji weka mabingobingo: vipande vya pingili 3, mbili zizame. Juu kabisa mikuyu na mizambarau, mita 6 hadi 8, kwa ajili ya kivuli juu ya vidimbwi. Usiibane na vetiva. Kivulini vetiva hufa. Mikaratusi msipande.

Waliojitolea kupanda mikoko kule Salenda, Msimbazi unapoingia baharini, nao wana kosa lao: hupanda mikandaa na mikoko kwenye tope tupu la chini kabisa. Fuata usawa ambao mikoko michanga tayari inaota yenyewe. Panda wakati wa maji mafu (siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana), zamisha theluthi moja ya mche, na ondoa kwanza plastiki zilizofunika mizizi ya kupumulia.

Hatua ya 6: Hesabu baada ya kila mvua kubwa

Chomeka vipande vya nondo mita 2 kutoka ukingoni, kila mita 5, vipake rangi na kuvipa namba. Pima umbali hadi mdomo wa ukingo na uandike kwenye daftari la mtaa. Chungulia pia kijitoni alfajiri: perege wakiwa juu wanahema mdomo wazi, hewa majini imekwisha, na cha kutafuta ni bomba la majitaka. Samaki hao wasiliwe wala kuuzwa kabla maji hayajapimwa maabara.

Nondo mbili za jirani zikionyesha ukingo bado unasogea huku nyingine zimetulia, panda juu mita 20 hadi 50 ukatafute mfereji mpya. Mara nyingi kuna mtu ameuchimba wiki hiyohiyo kunusuru uwanja wake. Mpeni naye shimo la kunyonya maji kabla hamjagusa ukingo tena.