Kiuno kinachoshusha maumivu mguuni: ya kufanya kabla ya kukubali kisu

Kiuno kinachouma peke yake, baada ya kutwa nzima ya kupalilia mtama kwa jembe la mpini mfupi, kwa kawaida hakihitaji mpasuaji. Maumivu yanayoshuka ndiyo ya kuchunguzwa: yanapita takoni, nyuma ya paja, hadi chini ya goti, pamoja na ganzi au kuchomachoma. Mara nyingi diski, gegedu lililo kati ya pingili, imetokeza na kubana mshipa wa fahamu.

Jipime hivi. Lala chali, mtu akuinulie mguu unaouma, goti likiwa limenyooka. Maumivu yakipiga chini ya goti kabla mguu haujafika nyuzi 70, shuku mshipa umebanwa. Kisha tembea hatua kumi kwa visigino, na kumi kwa ncha za vidole. Visigino vikishindikana na kidole gumba kina ganzi, kwa kawaida tatizo liko kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno. Zikishindikana ncha za vidole, na ganzi iko upande wa kidole kidogo, tazamia diski iliyo chini yake. Andika tarehe na upande. Daktari atahitaji kujua kama ulegevu unaongezeka.

Kukiwa na ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo umegoma, au miguu yote miwili inalegea, usingoje kukuche. Mishipa ya mwisho wa uti imebanwa, na ikikaa hivyo zaidi ya siku mbili uwezo wa kuzuia mkojo unaweza usirudi. Hata ukiwa Chemba au Mpwapwa, omba rufaa ya haraka usiku huohuo kwenda hospitali kubwa, kama Benjamin Mkapa ya Dodoma.

Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda ni habari nyingine: huenda ni TB ya mgongo, au brusela kwa wanaokunywa maziwa mabichi. Hizo hutibiwa kwa dawa za muda mrefu. Usikubali kuchuliwa, maana pingili iliyolika inaweza kuvunjika.

Kama hakuna dalili hizo, jipe wiki 6. Usilale kitandani zaidi ya siku mbili, kwani misuli hudhoofika haraka. Tembea dakika 10 mara tatu kwa siku, uongeze kidogokidogo. Lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko dakika 2. Maumivu yakiuacha mguu na kurudi kiunoni, endelea, hata kama kiuno kinauma zaidi. Yakishuka mguuni zaidi, acha. Ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula, mara tatu kwa siku, isizidi siku 7. Isimezwe na mjamzito, wala mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha. Sindano za takoni za kila wiki hazirudishi diski mahali pake, na ikichomwa vibaya inajeruhi mshipa uleule unaouma.

Upasuaji je? Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2007 ulifuatilia wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka takribani asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona. Kwa hiyo kisu hukupunguzia muda wa mateso, na hutibu mguu kuliko kiuno. Unyayo unaozidi kuning'inia, huo usiusubirishe.

Muulize mpasuaji: je, diski iliyoonekana kwenye MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) inalingana na mguu na kidole chenye ganzi? Watu wengi wasioumwa wana diski zilizotokeza. Kuondoa kipande cha diski huhitaji jeraha la sentimita chache tu. Vyuma na skrubu ni vya uti uliolegea au kuteguka. Ukiambiwa skrubu kwa diski moja ya mara ya kwanza, uliza sababu na utafute maoni ya daktari wa pili.

Baada ya upasuaji utasimama siku hiyohiyo au kesho yake, na nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Homa au jeraha likitoa usaha, rudi mara moja. Kwa wiki 6 usiinue zaidi ya kilo 5, yaani robo ya ndoo ya lita 20, kwa sababu diski iliyopasuliwa inaweza kutokeza tena. Ukirudi shambani, weka mpini mrefu kwenye jembe, na maji yabebwe kwa ndoo mbili za lita 10, moja kila mkono.