Kelele Juu, Wimbo Mtamu Chini: Rekodi Nyumbani kwa Njia ya Psychocandy

Psychocandy, albamu ya kwanza ya bendi ya The Jesus and Mary Chain kutoka East Kilbride, Uskoti, ilitoka mwaka 1985. Ukiisikia mara ya kwanza utadhani spika zimepasuka. Vumilia. Chini ya ule ukali kuna nyimbo fupi, laini, za kimapenzi, zilizotungwa kama zile za vikundi vya wasichana wa Marekani miaka ya 60. Naipenda mno, na hivi ndivyo ninavyorekodi kwa kuifuata.

Hatua ya 1: Tunga kwanza
Amplifaya iache imezimwa. Gitaa kavu, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za G, C na D, beti mbili, kiitikio kisichochelewa, dakika tatu zinatosha. Mwimbie mtu wa nyumbani. Asipoukumbuka kesho yake, tunga upya, maana kelele haitausaidia.

Hatua ya 2: Ngoma
Bobby Gillespie, mpiga ngoma wa bendi kwenye albamu hiyo, alipiga amesimama, sneya (ngoma yenye mlio mkali) na tomu (ngoma ya mlio mzito) moja tu. Mdundo wa "Just Like Honey" umetoka kwenye "Be My Baby" ya The Ronettes, kimoja cha vile vikundi vya wasichana (1963), alikopiga ngoma Hal Blaine. Hesabu "moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na". Ngoma nzito, yaani ile tomu, ipige kwenye moja, kwenye "na" ya baada ya mbili, na kwenye tatu. Sneya ingoje nne. Du… du-du, pa! Usijaze mapengo.

Hatua ya 3: Gitaa la kodi
Rekodi safi, mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 4: Kelele
Hii iwe na treki yake, yaani irekodiwe peke yake. Mimi niliwahi kuichanganya na gitaa la kodi, nikashindwa kuipunguza bila kuua wimbo, nikarudia yote.

Vaa vizibo vya masikio. Washa pedali ya fazi (kifaa cha kukanyaga kinachokwaruza sauti ya gitaa), pandisha sauti, ligeuzie gitaa kwenye spika. Bonyeza uzi wa tatu, freti (kijichuma kwenye shingo ya gitaa) ya 7: hiyo ni D, inakaa vizuri juu ya G na D. Nyuzi nyingine zizibe kwa kiganja. Mlio wa spika unautikisa uzi, pikapu (kinasa sauti cha gitaa) inaunasa, unarudi kwenye spika, na hivyo hivyo mpaka uzi unalia wenyewe. Geuka kidogo, au rudi nyuma nusu hatua, na mluzi utabadilika. Ukipata mahali unapotulia, bandika tepu sakafuni, usimame hapohapo kila kiitikio.

Hatua ya 5: Sauti
Imba taratibu, mdomo karibu na maiki, kama unamwambia mtu siri usiku. Ongeza mwangwi mrefu.

Hatua ya 6: Kumiksi
Kelele irekodi mara mbili: moja iweke kushoto, nyingine kulia, sauti ya kuimba katikati. Punguza kelele kidogo kati ya hetzi (kipimo cha wembamba au unene wa sauti) 1,000 na 3,000, sauti ya kuimba ipate pa kupita. Usiipunguze yote, itageuka mvua ya mbali. Kisha sikiliza kwa spika ya simu, sauti ndogo. Maneno yakikupotea, rudi kwenye treki za kelele tu, nyingine usiziguse.