Ukitaka nguruwe safi, anza na choo

Siku ya kuchinja, hapa kwetu Kasulu, mkaguzi wa nyama alipasua bega la jike langu akanionyesha vijilengelenge vyeupe, kila kimoja kama punje ya mchele ulioloweshwa. Nyama yote ikafukiwa. Nikaanza kumlaumu nguruwe. Bwana mifugo akaniuliza, "Mama, choo chako kina mlango?" Hakikuwa nao.

Vijilengelenge vile ni watoto wa tegu, mnyoo bapa. Tegu mkubwa, mwenye urefu wa mita kadhaa, anaishi kwenye utumbo wa mtu, si wa nguruwe. Vipande vyake vyenye mayai hutoka na kinyesi. Nguruwe akikila, ndipo vijilengelenge vinaota kwenye nyama. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, anapata tegu. Lakini mtu akimeza mayai yenyewe, kwa mikono michafu, mboga au maji, vijilengelenge vinaweza kuota ubongoni na kuleta kifafa. Hata asiyeonja kitimoto maishani anaweza kuugua hivyo, akipikiwa na mwenye tegu. Nawaambia majirani zangu Waislamu na Wasabato pia.

Kwa hiyo jembe la kwanza lipeleke chooni. Chimba shimo, jenga kuta, weka mlango unaofungika, na nje ndoo ya maji na sabuni. Kinyesi cha watoto wadogo nacho kiingie humo, kisitupwe nyuma ya migomba.

Kisha banda. Mbao si tatizo, tatizo ni chakula. Baada ya mavuno wengi huku hufungulia nguruwe wajitafutie, na kazi yote ya mwaka inaharibika hapo. Mimi nimetenga kipande cha viazi vitamu kwa ajili ya majani tu, na pumba naiweka akiba mapema.

Ukinunua nguruwe, kagua ulimi. Mwenzako amshike, pitisha kijiti mdomoni, vuta ulimi kwa kitambaa, papasa chini yake taratibu. Ukigusa vinundu, mwache, hata akiuzwa bei ya kutupa. Ulimi laini haukuhakikishii kitu. Mwenye vijilengelenge vichache hupita.

Kuna dawa ya nguruwe, oksifendazoli, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Mwache afisa mifugo aitoe, maana dozi ndogo ya kutibu minyoo ya kawaida haiui vijilengelenge. Muulize pia siku za kusubiri kabla ya kuchinja, uziheshimu.

Mtu akiona vipande bapa vyeupe kwenye kinyesi chake, aende kituo cha afya. Asijinunulie dawa dukani. Kama amewahi kuanguka kifafa, aseme kabla ya kumeza chochote: prazikwanteli inaua tegu, lakini kwa mwenye vijilengelenge ubongoni inaweza kumwangusha upya. Shemeji yangu mwenye kifafa alizungushwa kwa waganga miaka minne, wakisema amerogwa. Sasa anakunywa vidonge vya hospitali kila siku na amerudi shambani. Miaka ile minne inaniuma mpaka leo.

Jikoni nakata vipande vidogo na kupika mpaka ndani pasibaki wekundu. Nyama nene ya kubabuliwa juu juu siiweki mezani.

Mwezi huu tunachimba choo kwa jirani wa upande wa mtoni. Nguruwe wake wanalala banda moja na wangu, na wanaume wawili wameahidi kuleta mbao Jumamosi.