Jinsi ya kuhakikisha kuwa 2,147,483,647 ni namba tasa

Wengi wakiambiwa wapime utasa wa namba hukimbilia kugawa kwa 3, 7, 11, 13, mpaka wino uishe. Namba hii ni 2^31 − 1, na mwaka 1772 mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa karibu kipofu kabisa, alionyesha kuwa ni tasa kwa kugawa mara chache mno. Shika kikokotoo.

Hatua ya 1. Tazama kipeo. 31 ni tasa, vizuri. Kisingekuwa tasa tungeishia hapa, maana namba yenyewe nayo isingekuwa tasa. Ila usishangilie mapema: 11 nayo ni tasa, lakini 2^11 − 1 = 2047 = 23 × 89.

Hatua ya 2. Weka mpaka. Kipeuo cha pili ni kama 46,340.95, kwa hiyo kama kuna vigawo, kimojawapo hakizidi 46,340.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye utamu, msipasome haraka. Chukua kigawo tasa chochote, kiite q. 2^31 ukiigawa kwa q inabaki 1. Fermat, mwanahisabati wa zamani zaidi ya Euler, naye alishatuambia kuwa 2^(q − 1) hubakiza 1. Kwa kuwa 31 ni tasa, hakuna kipeo cha 2 kidogo kuliko 31 (ukiacha 0) kinachobakiza 1, hivyo lazima 31 igawe q − 1 bila baki. Na q ni witiri, basi q − 1 inagawika kwa 62.

Bado. 2^32 ni mraba wa 2^16, na ukiigawa kwa q inabaki 2. Hilo huwezekana tu ikiwa q yenyewe, ukiigawa kwa 8, inabakiza 1 au 7. Unganisha masharti yote mawili: q ukiigawa kwa 248, baki ni 1 au 63.

Witiri zilizo chini ya mpaka wetu zinapita 23,000. Zinazotimiza sharti ni 373, na nyingi kati ya hizo si tasa, zitupe.

Hatua ya 4. Gawa zilizosalia. Ya kwanza ni 311, baki 35. Ukifika mwisho hakuna hata moja iliyoingia kamili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mbona umeruka 63 na 249?
63 ni 7 × 9, na 249 ni 3 × 83. Tunatafuta vigawo tasa tu. Baada ya 311 nenda moja kwa moja 1303. Baki yake 226.

Mwalimu, hakuna njia fupi zaidi?
Ipo, ya wanahisabati Lucas na Lehmer. Anza na 4. Piga mraba, toa 2, chukua baki ya kugawa kwa namba unayoipima. Rudia mara kipeo kutoa 2. Ukiangukia 0, ni tasa. Kwa 2^5 − 1, yaani 31, unapata 4, 14, 8, 0. Kwa yetu ni mara 29.

Namba hii naiona sana kwenye programu, ni kwa sababu ya utasa?
Hapana. Ni namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 32 (tarakimu za 0 na 1 za kompyuta), moja ikiwa ya alama ya kujumlisha au kutoa. Kompyuta zinazohesabu sekunde hivyo tangu 1970 zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na zingejaa vilevile hata kama namba hiyo ingekuwa inagawika kwa 3.