Ganzi ya ukuta wa tumbo: mgonjwa apumue na kukohoa baada ya upasuaji

Aliyepasuliwa tumbo hubana pumzi kwa sababu kila akivuta hewa kwa kina kidonda kinamchoma. Sehemu za chini za mapafu husinyaa, makohozi hukwama, nimonia hufuata. Mofini (dawa kali ya maumivu) ikiwa nyingi nayo hupunguza upumuaji, ndiyo maana tunachoma ganzi kwenye neva za ukuta wa tumbo.

Tazama kidonda kwanza. Kikiwa chini ya kitovu, kama cha kujifungua kwa upasuaji, choma ubavuni, kati ya mbavu na mfupa wa nyonga. Kikiwa juu ya kitovu, choma chini ya ukingo wa mbavu. Ganzi nyingi zinazolaumiwa kuwa hazikushika zilichomwa mahali pasipohusika. Na kama mofini ilishawekwa kwenye ganzi ya mgongo, sindano hizi huongeza kidogo mno.

Kikomo cha bupivakaini, dawa ya ganzi tunayochoma, ni miligramu 2 kwa kilo, pande zote mbili kwa jumla. Mtu wa kilo 50 hupata miligramu 100: mililita 40 za asilimia 0.25, 20 kila upande. Toa humo kiasi ambacho daktari amekwisha kuchoma kwenye kidonda.

Monita ikiwa imewashwa na njia ya dripu mshipani iko tayari, safisha ngozi, weka kipimio cha ultrasaundi kwa kukingama ubavuni. Utaona tabaka tatu za misuli. La kati kwa kawaida ndilo nene. Ingiza sindano butu ukiiona ncha muda wote, mpaka kati ya tabaka la pili na la tatu. Vuta kuangalia damu, kisha sukuma mililita 1 au 2 za salaini. Nafasi ikifunguka, upo penyewe. Msuli ukivimba, sogeza ncha. Toa dawa mililita 5 kwa 5, ukivuta kila mara. Ukizidi kina, utumbo uko karibu, na dawa yaweza kufikia neva ya paja: mguu ukalegea, mgonjwa akaanguka akisimama.

Dalili za ganzi kuzidi kwenye damu ni midomo kufa ganzi, ladha ya chuma, masikio kuvuma au degedege: acha, ita msaada, toa oksijeni na mafuta maalumu ya kuchoma mshipani (lipidi) ya asilimia 20, mililita 1.5 kwa kilo.

Wodini, maumivu ya viungo vya ndani yatabaki, kwa hiyo parasetamoli gramu 1 kila saa 6 isikatike. Mwinue kichwa, avute pumzi ndefu 10 kila saa, akohoe akikumbatia mto kidondoni. Pima maumivu akikohoa. Akiwa ametulia utadanganyika.