Kabla Hujarudi Kwenye Tandiko

Nilirudi kupanda farasi baada ya miaka tisa, na siku hiyo nilivaa jinzi. Ilikuwa Februari, ufukweni upande wa Kunduchi, na saa mbili asubuhi jua lilikuwa tayari linachoma. Nusu saa ya kwanza ilikuwa raha tupu. Baada ya hapo mshono wa ndani ya paja ulishalowa jasho, ukawa unakwaruza kila hatua ya farasi. Usiku wake maji ya kuoga yaliniunguza kama nimepakwa pilipili. Haya ninayoandika ni yale ambayo ningependa kuambiwa wiki tatu kabla ya siku ile, maana starehe ya kwenye tandiko huandaliwa ukiwa bado uko chini.

Anza na nyonga na mapaja ya ndani. Misuli hiyo haitumiki sana katika maisha yetu ya ofisini na kwenye gari, kisha juu ya farasi inatakiwa ifunguke na kufanya kazi mfululizo. Kila jioni keti mkekani, unganisha nyayo, acha magoti yaende nje yenyewe kwa dakika moja au mbili bila kuyasukuma. Halafu simama kwenye ukingo wa ngazi kwa vidole vya miguu, teremsha visigino taratibu. Kisigino kinachoshuka kwa urahisi ndicho kitakachokupokelea mitikisiko badala ya kiuno. Kuchuchumaa na kuinuka mara kumi na tano nako kunasaidia. Ukipanda mwendokasi, simama, legeza magoti, uache mwili ufuate basi. Mkono uwe karibu na bomba lakini usining'inie. Sijaona zoezi linalokaribia zaidi kile unachokifanya juu ya farasi.

Mazoea ya bodaboda, kwa upande mwingine, yaache nyumbani. Abiria wa bodaboda hujikunja mgongo na kukalia mkia wa uti. Kwenye tandiko unakalia mifupa miwili ya makalio, ile unayoisikia ukikaa juu ya viganja vyako kwenye kiti kigumu. Ifahamu kabla hujapanda.

Mwenye bawasiri, aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo au nyonga, na mjamzito waongee na daktari kwanza.

Sasa mavazi. Jinzi hapana. Taiti nene au suruali ya kupandia isiyo na mshono mkubwa ndani ya paja inatosha, na kwenye mitumba ya Karume zinapatikana kwa anayechambua kwa subira: ipindue nje ndani, pitisha kidole kwenye mishono yote. Chupi iwe ya kubana vizuri, isiyo na ukingo mnene. Kwa wanaume boksa pana ni mateso. Kwa wanawake sidiria ya michezo si anasa, kwa sababu mwendo wa matiti, yaani farasi anapokimbia polepole kwa kudundadunda, unarusha mwili juu na chini bila huruma. Paka mafuta ya mgando mapajani kabla ya kutoka nyumbani. Ukisubiri ngozi ianze kuwaka umechelewa. Viatu viwe na kisigino kifupi ili mguu usiteleze ukapita kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko. Anayevaa hijabu avae kofia nyepesi ya kitambaa chini ya helmeti, bila pini hata moja, na vazi la juu liwe na mpasuo pembeni lisije likanasa kwenye tandiko.

Wakati nao ni sehemu ya starehe. Hapa Dar miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo rafiki kwa anayerudi. Desemba hadi Machi nenda alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni, na uwe umekunywa maji tangu nyumbani. Ufukweni ulizia maji yanakupwa saa ngapi. Mchanga ulioachwa na maji ni mgumu na mwendo wa farasi unakuwa sawa; kwenye mchanga mkavu anazama, anajivuta, na mgongo wako unaupata kila mvuto.

Unapopiga simu kuweka nafasi, taja uzito wako wa kweli. Wafugaji wengi hufuata kipimo cha asilimia 20: farasi wa kilo 400 asibebe zaidi ya kilo 80, tandiko likiwemo. Taja pia kwamba una miaka hujapanda, ili upewe farasi mtulivu. Na uliza ukubwa wa tandiko. Watu wazima wengi hukaa vizuri kwenye inchi 17 au 17 na nusu. Ukishakaa, nyuma yako ibaki nafasi ya kiganja kimoja. Pasipobaki, tandiko ni dogo, na kuongeza mito hakutalikuza.

Vikuku vipime ukiwa chini. Gusa kwa ncha za vidole pale ukanda wa kikuku unapoanzia, vuta kikuku kuelekea kwapani; kikifika kwapani, anza na hapo. Vikiwa vifupi mno magoti yanalia, vikiwa virefu utavitafuta kwa vidole vya miguu na kujichubua. Panda kwa kutumia kigogo au ngazi fupi, kwa ajili ya mgongo wa farasi na tandiko lisipinde. Baada ya dakika chache omba mkanda wa tandiko unaopita tumboni mwa farasi ukazwe tena.

Siku ile saisi, mtunza farasi, alikuwa akitembea kando yangu, akaniona nimembana farasi kwa magoti. Akaweka kiganja gotini kwangu na kusema, "Dada, mwachie. Ukimkaza na yeye anakaza." Nilipumua, nikalegeza paja, na shingo ya farasi ikashuka palepale, mgongo wake ukawa laini chini yangu. Tangu hapo najua kwamba ninapoumia mimi, kuna mwingine anaumia chini ya tandiko.

Kwa hiyo mara ya kwanza dakika 30 zinatosha, nyingi za kutembea, matiti kwa vipande vifupi huku ukiinuka na kukaa kwa kufuata mapigo ya hatua za farasi. Dakika kumi za mwisho tembea tu. Ukishuka, badilisha suruali iliyolowa kabla hujaingia kwenye gari, maana saa nzima ya foleni Barabara ya Bagamoyo ukiwa umeketi itakukaza viungo. Kama unatoka Kigamboni kwa pantoni, vuka umesimama. Maumivu ya misuli huwa makali siku ya pili, kwa hiyo weka nafasi nyingine siku ya nne au ya tano, mwili ukiwa bado unakumbuka.